Mtaalamu wa Vigodoro vya Farasi

Pasi alikuwa amebakiza siku sita za kulala chini ya paa la dada yake, na siku ya kwanza kati ya hizo sita ndiyo aliyoliona lile tandiko.

Lilikuwa limekaa juu ya kigogo cha mbao katikati ya stoo, peke yake kama bwana harusi, ngozi yake ya kahawia iking'aa na vifungo vyake vya fedha vikimkonyeza. Ukutani yalipangwa matandiko mengine ishirini na kitu, ya kawaida, ya kukodisha kwa watoto wa shule na watu wazima waliochoshwa na ofisi. Pasi hakuyatazama hata kidogo. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Tuseme ukweli kuhusu Pasi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuusema. Jina hilo alipewa kwa sababu ya suruali zake, zilizonyooshwa mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwahi kuajiriwa, jambo alilolitaja kwa majivuno yaleyale ambayo wengine hutajia shahada zao. Aliwahi kuuza viwanja vyenye wenyewe, tiketi za tamasha ambalo halikuwepo, na dawa ya kuotesha nywele iliyomwondolea mteja mmoja nyusi zote mbili. Miaka minne alikuwa akilala kwenye sofa la chumba cha kushonea cha dada yake mkubwa, fundi cherehani. Jumapili ile dada alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba Jumamosi ikifika hana kazi, ataondoka. Na dada yule hakutisha watu bure. Kwa sauti hiyohiyo alikuwa ameshawatoa waume wawili.

Jumatatu asubuhi dada akamtwika mzigo wa vigodoro kumi, akamwagiza avipeleke kwenye banda la farasi nje ya mji, ampe mwenyewe mkononi. Kigodoro, kwa asiyejua, ni kile kitambaa kinene cha kushonwa kwa matabaka kinacholazwa juu ya mgongo wa farasi, kisha tandiko likakaa juu yake. Pasi naye hakujua. Njia nzima alidhani amebeba vizulia vya mlangoni.

Mwenye banda alikuwa mama mmoja mfupi mwenye buti za mpira, waliyemwita Bi Hatamu kwa sababu hata watu aliwaendesha. Pasi, aliyekuwa ametoka kulikodolea macho lile tandiko stoo, alimkuta akimlalamikia askari wa getini kwamba vigodoro vimeoza kwa uchafu, farasi wanatoka vidonda, na kila anayemwajiri hajui kinachoendelea. Pasi aliweka mzigo chini, akanyoosha kola.

"Mama, nimesikia unatafuta mtaalamu wa vigodoro."

"Sijasema hivyo."

"Basi Mungu amekusikia kabla hujasema."

Akamweleza kwamba amesomea vigodoro ng'ambo miaka miwili, na kwamba kwa mapenzi yake kwa farasi, wiki ya kwanza hatamtoza kitu. Bi Hatamu alimtazama viatu, akapanda mpaka kwenye mkunjo wa suruali, akauliza farasi anayetoka jasho sana achaguliwe kigodoro gani. Hapo Pasi akatumia mbinu iliyomlisha maisha yake yote. Akafumba macho kidogo, akasema hilo ni swali zuri sana, na angependa kwanza kusikia yeye Bi Hatamu amekuwa akifanyaje.

Bi Hatamu akasema huchagua cha pamba, kwa kuwa hunyonya jasho, au cha sufu kwa mwenye uwezo, na kamwe si cha nailoni kinachompika farasi mgongo.

"Sawasawa kabisa," alisema Pasi, kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama.

Mpango ulikuwa umeshaiva kichwani mwake. Jumamosi kungekuwa na mashindano ya watoto, na watu wote wangekuwa uwanjani. Yeye angekuwa ameshaaminiwa ufunguo wa stoo. Tandiko lingetoka ndani ya gunia la vigodoro vichafu, mchana kweupe, likielekea mjini kwa jamaa mmoja mnunuzi wa vitu vya ngozi asiyependa historia ndefu. Baada ya hapo angepanga chumba chake mwenyewe, na dada angemsalimia kwa mbali.

Kilichobaki ni kuonekana mtaalamu kwa siku tano. Bi Hatamu akamrahisishia. Alimpeleka nyuma ya stoo, akamwonyesha lundo la vigodoro thelathini na viwili vilivyokauka kwa jasho na manyoya, akamwomba aanze kwa hivyo. Pasi alivuta pumzi, akajuta kuivuta. Akalikumbuka tandiko, akakunja suruali mpaka magotini, na ule mkunjo maarufu ukafa siku hiyo.

Akajikaza kisabuni. Kwa maelekezo ya Bi Hatamu, ambayo alidai anayajua tayari, alivipiga brashi ngumu kwanza mpaka manyoya yakatoka, akavifua kwa maji baridi na sabuni kidogo isiyo na manukato, akavisuuza mpaka maji yakawa safi, maana sabuni ikibaki kwenye kitambaa, jasho likiilowesha humuunguza farasi. Kuanika ni kivulini, ili kitambaa kisikakamae. Na kila kigodoro kilikuwa na alama ya farasi wake, kwa sababu wakichangia, mapunye ya mmoja huwa ya banda zima. Kila kimoja kilipokauka Bi Hatamu alikichukua, akakisugulia shavuni mwake, akafumba macho.

"Rudia," alisema, mara kumi na moja kwa hesabu ya Pasi.

Jumatano Bi Hatamu alimfundisha kusoma kigodoro. Pasi angesema alimruhusu amkumbushe. Farasi akirudi, unavua tandiko, unageuza kigodoro, unatazama chini yake. Pande mbili zikilowa sawa na katikati kukawa na njia kavu ya uti wa mgongo, farasi yuko salama. Ukiona baka kavu ndani ya palipolowa, kuna kitu kinamkandamiza hapo mpaka jasho linashindwa kutoka. Akamfundisha pia kulibana tandiko kwa goti na mikono kuona kama mbao zake za ndani ni nzima. Pasi aliyameza yote. Tapeli mzuri, tumpe haki yake, ni mtu mwenye bidii kupita kiasi, ila bidii yenyewe huelekea upande mbaya.

Alhamisi akaja mwenye tandiko. Alikuwa tajiri wa marumaru, mtu mkubwa, mpole, aliyenunua farasi wa kijivu baada ya duka lake la tatu. Yule farasi alipoona tandiko linakuja alirudi nyuma, akakunja masikio, akataka kumng'ata. Tajiri alieleza kwa huzuni kwamba ameshaweka vigodoro vitatu, na bado mnyama hana shukrani.

Hapo ndipo mtaalamu alipopaswa kugeuza kigodoro na kutazama. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vile vifungo vya fedha. Alitaka tu Tajiri ampende, aondoke, aliache tandiko stoo.

"Vitatu ni vya watu wa kawaida, mzee," alisema. "Farasi wa hadhi hii anadai cha nne."

Tajiri alimshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na akaona raha yake. Bi Hatamu alikuwa mlangoni. Aliondoka akitazama chini.

Ijumaa Pasi akapewa ufunguo.

Jumamosi saa nne asubuhi, Tajiri alikuwa ametoka kumzungusha farasi wake kidogo, akaenda uwanjani kumshangilia binti yake. Pasi aliingia stoo, akalitumbukiza tandiko gunini pamoja na vigodoro vyake vinne vilivyokuwa bado na joto, akalibeba begani huku akipiga mluzi. Nyuma ya ghala la majani akasimama. Mzigo ulikuwa mzito, na vigodoro havikuwa na mnunuzi. Akavitoa avitupe.

Hajui kwa nini alikigeuza kile cha chini. Mkono ulizoea tu, wiki nzima. Upande wa kulia ulikuwa umelowa vizuri. Upande wa kushoto kulikuwa na baka kavu, jeupe, la ukubwa wa kiganja, na katikati ya baka hilo kulikuwa na damu.

Pasi alichuchumaa. Akalibana tandiko kwa goti na mikono, kama alivyofundishwa, na lile bwana harusi likapinda na kulia kama mlango mkuukuu. Ndani lilikuwa limevunjika. Mnunuzi yeyote angelibana hivyo kabla hajamwambia habari za asubuhi. Alikuwa amefua vigodoro thelathini na viwili, vingine mara tatu, kwa ajili ya takataka yenye vifungo vya fedha. Akashikwa na hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Umesoma nini?"

Bi Hatamu alikuwa amekaa juu ya robota la majani, na askari wa getini amesimama nyuma yake.

"Limevunjika," alisema Pasi, na sauti yake ilijaa uchungu. "Kushoto. Mama, hivi unajua kwamba tandiko hili halifai hata bure?"

"Lilianguka kutoka kwenye gari lake miezi sita iliyopita. Miezi sita namwambia. Yeye anasema nina kijicho, tandiko limetoka ng'ambo. Kila nikimwambia anaongeza kigodoro. Kiatu kinabana, yeye anaongeza soksi." Akamnyooshea Pasi kidole. "Na wewe ukampa cha nne."

Pasi alitazama ile damu. Akaifunika kwa kiganja, akadhani anaikinga na nzi. Ilikuwa aibu, lakini hawakuwahi kujuana.

"Mimi nasema kweli, hanisikii," aliendelea Bi Hatamu. "Nikamwomba dada yako, anayenishonea vigodoro, anitafutie mtu mwenye ulimi. Mwongo, lakini hodari. Akasema anaye mmoja, yuko kwenye sofa."

"Dada anajua?"

"Sofa ameshalipatia mnunuzi tangu Jumatano."

Kisha akampa machaguo. Aende na askari na gunia lake mpaka kituo cha polisi, akaeleze huko utaalamu wake. Au akae kwenye chumba kilicho nyuma ya stoo, mshahara uanze mwezi ujao, kwa kuwa wiki hii yeye mwenyewe alisema ni ya bure, na kazi yake ya kwanza ni Tajiri, sasa hivi, kabla hajampanda yule farasi tena.

Pasi aliwaza kukimbia. Akamtazama askari miguu, akaona ni mirefu.

Alimkuta Tajiri kando ya uwanja. Akashusha sauti, akamwekea mkono begani, akamvuta pembeni, akatoa ujuzi wake wote wa miaka ishirini. Alisema Alhamisi alikosea, na amekuja kukiri. Akakigeuza kile kigodoro mbele yake, akamwekea kidole chake mwenyewe juu ya baka, akamsogeza polepole mpaka kwenye damu. Akanyamaza, maana alijua mahali pa kunyamaza. Halafu akamwambia kwamba tandiko limevunjika, na kwamba farasi wake hana kiburi, anaumia.

Tajiri alikwenda mpaka kwa yule farasi, akaweka paji la uso shingoni kwake, akalia waziwazi mbele ya watoto wa watu.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?" aliuliza.

Bi Hatamu alitazama juu mawinguni kwa muda mrefu.

Tajiri alipopangusa machozi alitaka kujua amlipe nini mtaalamu. Mdomo wa Pasi ukafunguka wenyewe. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Ni bure, mzee," alisema Pasi, na neno hilo lilimtoka kama jino.

Tandiko lilipelekwa kutupwa, farasi akapewa miezi miwili ya kupumzika, na mtaalamu akarudi nyuma ya stoo na vigodoro vinne na ndoo ya maji baridi. Alipokuwa akikisugua kile chenye damu, alipitia upya maneno yote aliyomwambia Tajiri, moja baada ya jingine, akitafuta hata uongo mmoja wa kujifariji nao, na hakuupata.