Malalamiko Dhidi ya Pongo Waliosusa Figili Zangu

Kwa Mhifadhi wa Ujirani Mwema,
Hifadhini.

Ndugu Mhifadhi,

Pokea salamu nyingi kutoka Sitalike. Sisi huku wazima, isipokuwa tumbo langu, ambalo habari zake zinafuata.

Naandika kwa uchungu kuwashtaki pongo wako, hao paa wa vichakani. Najua umezoea watu wanaolalamika kwamba wanyama wamekula mazao yao. Mimi nalalamika kwamba hawajala.

Chanzo ni video niliyoiona kwenye simu. Wazungu fulani wanalima figili na tanipu, mizizi minene yenye majani mabichi, kwa ajili ya paa wa porini tu. Hawauzi, hawali, wanawaachia wanyama. Mwenye shamba amevaa nguo za rangi ya majani, amekaa juu ya dungu, kimya kabisa, anawatazama wageni wake wakila. Machozi yalinilengalenga. Hapo bando likaisha, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Nikang'oa maharage ya mke wangu Dorotea kule bondeni, nikaagiza mbegu Mpanda mjini, nikapanda, na dungu nikajenga. Tangu hapo nimetendewa haya:

1. Pongo wanafika ukingoni mwa shamba, wananusa, wanaendelea na safari zao. Mgeni akikaribishwa chakula, hata kama ameshiba, huonja. Hawa wamelelewa na nani, Ndugu Mhifadhi, kama si wewe?

2. Wakitoka kwangu wanaingia kwenye kunde za jirani na mtani wangu Lyamba, ambaye hajawahi kuwakaribisha. Anawapigia madebe na kuwatukania mama zao, nao kesho yake wanarudi na watoto. Mimi kila jioni niko juu ya dungu, kimya, nimevaa shati la kijani la kuazima, natabasamu. Lyamba sasa hapiti kwangu bila kuuliza kama wageni wa harusi wameshafika.

3. Dorotea ameapa kwamba hakuna mboga nyingine itakayoingia chunguni mpaka figili ziishe. Mchana ugali na figili, usiku ugali na tanipu. Jumuiya iliposali kwetu tuliwapakulia nao. Wiki iliyofuata wakaomba kusalia kwa mtu mwingine. Tumbo langu linanguruma hata padri akihubiri, na watu wanageuka.

4. Kubwa kuliko yote ni heshima yangu. Nilimwapia Dorotea kwamba asipotokea pongo hata mmoja kula mpaka Jumapili ya Matawi, bonde linarudi kwake, na mimi sitapanga tena kilimo cha nyumba hii. Jana alisimama chini ya dungu akaniambia, "Baba Evaline, hao pongo wanajua kitu ambacho wewe hukijui." Maneno hayo yaliniuma sana.

Kwa hiyo naomba uwaitishe mkutano, uwape semina ya ujirani mwema. Wakikaidi, askari wawasindikize mmoja mmoja hadi shambani. Ikishindikana, usogeze mpaka wa hifadhi, shamba langu liwe ndani, wasiwe na pa kukimbilia. Na wewe mwenyewe karibu tukae wote juu ya dungu tuwangoje. Nafasi ipo.

Nisalimie watumishi wote, madereva, wapishi, pamoja na viboko, ambao sina ugomvi nao.

Ni mimi jirani yako mwema niliyesuswa,
Celestin Nyanzala (Baba Evaline)

N.B. Kabla sijaifunga barua, binti yangu Evaline ameweka bando na tumeiangalia ile video hadi mwisho. Ndugu Mhifadhi, yule mzungu alikuwa na bunduki. Mwanzoni sikuiona kwa sababu nilikuwa nalia. Ningeandika barua nyingine, ila karatasi ni hii tu, kwa hiyo yafute yote hapo juu, na habari za dungu na shati la kijani zisifike kwa askari wa doria. Shati nimerudisha. Dungu nimevunja, kuni zake Dorotea anachemshia maharage ya kuomba kwa Lyamba, na bonde ni lake. Pongo waambie nawaomba radhi. Inaonekana wao bando lao halikuisha.