Serikali Iwaze, Lakini Ukumbi Uachwe Uishe

Kambi ya waashi, tarehe 9 Juni.
Mwaka wa tatu tangu niage nyumbani.

Kwa Ndugu Katibu, Kamati ya Kuunda Serikali Upya,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni mwashi katika ukumbi wa bunge la jamhuri yetu changa. Shule niliishia darasa la nne, hivyo nitasema wazi. Haturuhusiwi kuondoka kabla ya paa kupanda, na huko nyumbani binti yangu anaposwa. Wakwe wanataka kumwona baba mtu. Mwezi huu ukiisha sijafika, watapeleka posa kwa jirani. Nalalamika hivi:

1. Serikali ya kwanza haikuwa na kichwa. Iliyaomba majimbo matofali kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Kila jimbo likaleta ya kipimo chake. Ukuta ukawa kama meno ya mtoto wa miaka saba.

2. Kila jimbo lilidai mlango wake, lisije likaingia nyuma ya jingine. Ukumbi ukawa milango mitupu. Seremala akauliza, “Jamani, boriti nizilaze juu ya bawaba?” Wajumbe wakaahidi kulijadili.

3. Paa lilitaka majimbo yote yakubali. Moja likakataa, kwa kuwa kwao mvua hainyeshi.

4. Sasa mmeiunda serikali upya. Watunga sheria chumba chao, watekelezaji chao, mahakimu chao, na kila chumba kina kidirisha cha kuwachungulia wenzao. Ukuta umebomolewa kupisha vyumba hivyo. Ndugu, watu wasioaminiana kiasi hicho si wangekaa chumba kimoja, waonane bure?

Kwa hiyo naomba serikali yote iende likizo, nchi ishikwe na msimamizi wetu wa ujenzi. Yeye ni mmoja, hashauriani na mtu, na akifoka tofali hupanda lenyewe.

Nisalimie wajumbe wote, hata yule wa jimbo lisilonyesha mvua. Natarajia kuwa nyumbani Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu.

Wako mtiifu,
Mwashi wa ukuta wa mashariki

Nyongeza: Msimamizi amesikia nimempendekeza, kichwa kikamvimba. Asubuhi alifuta siku ya mapumziko, akafuta na chai. Tumempindua. Sasa kila genge linajiamulia, na genge la milango limekataa paa. Tafadhali tuleteeni haraka ule mpango wa vyumba vitatu, na vidirisha viwe vikubwa. Mke wangu nimemwandikia aipokee posa mwenyewe, nimempa madaraka yote. Mimi nitarudi magenge yakikubaliana.