Tume ya Kibanda cha Prinsi

Ifahamike kwa watu wote, wa ufukweni na wa bondeni, wenye nyumba na wasio nayo, kwamba mwaka wa 1909 boma letu liliunda Tume Kuu ya Kibanda Chepesi, cha Kukunjwa na Kubebeka, cha Mbwa wa Serikali. Mimi, Zebedayo, Karani wa Kwanza wa boma, nilikuwa katibu wake. Karani wa Pili hayupo, lakini cheo ni cheo. Naandika kwa sababu watu wa Ndandalo wanacheka hadi leo, na kicheko hicho hakijapata kibali cha mtu yeyote.

Mbwa mwenyewe aliitwa Prinsi. Alishuka melini pamoja na Bwana Mkubwa wetu, Mjerumani ambaye raia walimwita Bwana Kipimo, maana hakuachana na futi yake ya mbao hata akiwa mezani. Prinsi alikuwa mrefu kama benchi la kanisani, na miguu yake mifupi kuliko ya benchi hilo. Bwana Kipimo alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na sisi hatukupinga. Ikaja barua kwamba Bwana Mkaguzi kutoka Dar es Salaam atapita kwetu masika yakikaribia. Bwana Kipimo akaamua kwenda kumlaki Ndandalo, mwendo wa siku nzima, yeye na mbwa wake. Sasa mbwa atalala wapi? Hapo ndipo serikali ilipoanza kufikiri.

Kwetu Unyakyusa jambo hili ni gumu kueleweka. Ng'ombe wetu hulala ndani ya nyumba, chini ya paa moja na mwenyewe, upande wake umefagiliwa vizuri, na maongezi ya jioni anayasikia yote. Nilipomweleza jumbe kwamba mnyama huyu anahitaji nyumba ya peke yake, alinitazama kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Amekosa nini?"

Fundi alipatikana wiki hiyohiyo. Ni Aliko, kijana wa kijiji kipya kando ya Ndandalo, ambako vijana wa rika lake walikuwa wanajijengea nyumba zao. Kwa mianzi hana mpinzani. Askari walimkuta juu ya nyumba yake mwenyewe. Kuta zimesimama, fito zimefungwa, matita ya nyasi yamepangwa uani, ila paa lilikuwa limeezekwa kona moja tu, kiasi cha kumkinga ndama wake. Na niseme ukweli, nyumba ile alikuwa anamjengea Angetile, mtoto wa dada yangu. Baba wa binti, shemeji yangu Ambilikile, ni mtu asiyerudia neno, na neno alikwisha kulitoa: "Mwezi wa masika ukiandama na nyumba haina paa, binti yangu haendi popote hadi mwakani. Sikuzaa chura mimi."

Askari wakamteremsha Aliko, wakamleta bomani.

Siku ya pili kazi ilikuwa tayari. Alipasua mianzi nyembamba, akaiunganisha kwa vipande vya ngozi ili ijikunje, akafunika kwa mkeka wa matete. Kikikunjwa kilikuwa kitita cha kubeba kwapani. Ukikikunjua, hujamaliza kupiga chafya nyumba imesimama. Prinsi aliingia, akazunguka mara tatu, akalala fofofo.

"Bwana Karani, kazi imekwisha," Aliko akasema. "Naomba ruhusa nikaezeke kwangu."

"Imekwishaje," nikamwuliza, "na Tume haijakutana hata mara moja?"

"Lakini mbwa amelala."

"Mbwa si mjumbe wa Tume. Ruhusa hutolewa ukaguzi ukikamilika."

Tume ilikuwa na wajumbe watatu: mimi, Shaushi wa askari, na mpishi wa Bwana, aliyeujua mlo wa mbwa. Tulikutana asubuhi, tukakiona kibanda, na sote tukaingiwa na wasiwasi. Kitu kimeisha kwa siku mbili, kina uzito wa kuku, kinafanya kazi. Je, Bwana Mkaguzi atajua vipi kwamba Tume ilikuwapo?

Shaushi akasema hakina mlingoti wa bendera, tukaweka mlingoti. Mpishi akasema hakina rafu ya sahani, ikawekwa rafu ya mninga. Mimi nikaona hakina dirisha ambalo picha ya Kaizari inaweza kulitumia kutazama nje, basi tukaweka dirisha, na picha. Bwana Kipimo mwenyewe, baada ya kupima kwa siku nne, aliamuru mkeka utolewe na paa liwe la bati, kwa sababu bati ndilo linalofaa hadhi ya serikali. Kila tulipoongeza kitu, mchukuzi mmoja aliongezwa wa kukibeba, na wachukuzi tuliwatoa kijiji kilekile cha Aliko, kwa kuwa njia tulikwisha kuijua. Hivyo vijana wote waliokuwa wamemwahidi Aliko kumsaidia kuezeka wakawa wamekaa bomani pamoja naye, wanane, wanatazama mawingu.

Hapa wakorofi watauliza: je, kitu cha kubebwa na watu wanane ni chepesi? Ndiyo. Tume ilitoa tafsiri. "Chepesi" ni kitu kinachobebwa na watu wasiozidi wanane. "Kukunjwa" ni kung'olewa misumari.

Wiki ya tano Angetile alikuja bomani na mkungu wa ndizi kichwani. Ilikuwa siku ya baraza, nami nilikuwa nasoma Kanuni za Kibanda mbele ya raia.

"Ugonile, mjomba," akanisalimu.

"Bwana Karani," nikamsahihisha.

"Ugonile, Bwana Karani mjomba. Mwezi utaandama keshokutwa. Aliko anarudi lini?"

Nilihuzunika, sikatai. Binti huyu nimembeba mgongoni. Lakini mtu ukiwa na muhuri mfukoni huwezi kuwa mjomba saa za kazi. Nikamwambia asikilize kanuni, zitamfariji, nikamsomea ile ya nne, ambayo niliitunga mwenyewe nikiwa naoga ziwani:

"Mahali popote Mbwa wa Serikali atakapolala kwa hiari yake, hapo ndipo makao yake halali. Makao hayo yakipungukiwa paa, kwa upepo ama sababu nyingine yoyote, yataezekwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuchwa. Kazi hiyo, kwa kuwa ni ya heshima, itafanywa na watu wa serikali wenye vyeo peke yao. Raia atakayegusa hata unyasi mmoja atapigwa viboko ishirini na vitano."

Hayo ya viboko yalikuwa mawazo ya Shaushi. Alihofia raia wakizoea kushikashika nyumba ya mbwa wataacha kumwogopa mwenye mbwa.

"Naomba uisome tena, mjomba," akasema Angetile.

Nikaisoma tena. Ni nadra kupata msikivu namna hiyo.

"Na Bwana Mkubwa mwenyewe ni mmoja wa hao wenye vyeo?"

"Hasa yeye," nikajibu kwa fahari.

"Ndaga fijo," akashukuru, na akaondoka bila kulia. Nikamsifu moyoni kwa kuelewa utawala.

Kesho yake tukaanza safari. Wachukuzi wanane wakabeba kibanda, Aliko akatembea nyuma yao na nyundo na mfuko wa misumari. Kwa kuwa wachukuzi wote walikuwa wa mbwa, hema la Bwana Kipimo liliachwa bomani. Bwana alisema hakuna neno, mvua hainyeshi kabla ya tarehe moja ya mwezi, kalenda yake imeandika hivyo.

Alasiri tulifika kando ya kijiji cha Aliko. Tukapigilia misumari kwa saa mbili. Kibanda kikasimama na bendera yake, Kaizari dirishani. Prinsi akaingizwa. Mara mawingu yakashuka kutoka milima ya Livingstone, na mvua ya Kyela, ambayo haijui kalenda, ikafungulia.

Sijui kama umewahi kukaa chini ya bati mvua ile ikipiga. Prinsi alikuwa hajawahi. Alibweka mara moja, akachomoka, akapita katikati ya miguu ya Shaushi, akatokomea upande wa nyumba za vijana. Bwana Kipimo alimwita kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa filimbi. Mbwa hakurudi. Mvua ilipomlowesha Bwana mpaka mifupani, alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama, akaingia ndani ya kibanda cha mbwa. Alikuwa mtu mrefu, kwa hiyo miguu ilibaki nje. Sisi wengine tulikesha chini ya migomba, na mimi muhuri niliuficha kwapani.

Asubuhi jua likatoka, na Bwana Mkaguzi akatoka nalo, juu ya nyumbu, saa tatu kabla ya wakati wake. Aliona kibanda. Aliona bendera. Aliona buti mbili zimetokeza mlangoni. Akaniuliza taratibu:

"Karani, mbwa wa serikali huvaa buti?"

"Hapana, Bwana Mkaguzi. Huyo ni Bwana Mkubwa wetu, yumo katika majaribio."

Bwana Kipimo akatoka kinyumenyume, akapiga saluti, rafu ya sahani ikamgonga kisogoni. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa mtu wa sheria, aliyebeba kanuni zake katika sanduku la bati. "Mbwa yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwetu," ikajibu sauti ya kike. Angetile alikuwa amesimama njiani na mtungi wake, nguo kavu kabisa.

Tukaenda. Ndani ya nyumba ya Aliko isiyo na paa, katika ile kona moja iliyoezekwa, Prinsi alikuwa amejinyoosha juu ya majani makavu, mgongo kwa mgongo na ndama, anakoroma. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilichokutwa karibu na pua yake hakikuchunguzwa, kwa sababu Tume haikuwa na kifungu kuhusu maziwa.

"Amelala kwa hiari yake," Angetile akasema. "Mjomba, si unayo ile kanuni? Msomee Bwana mgeni."

Nilijaribu kutoiona. Nilipekua karatasi kuanzia nyuma. Lakini Mkaguzi alinyoosha mkono, akaichukua, akaisoma mara mbili huku kidole kinafuata mistari.

"Nani aliandika?"

"Mimi, Bwana."

"Nani alitia sahihi?"

Bwana Kipimo akakohoa.

"Maandishi mazuri," akasema Mkaguzi, akaketi juu ya sanduku lake. "Nina nafasi mpaka jua kuchwa."

Basi ndugu zangu, niliipanda ngazi ile. Mimi, mwenye vidole vya kalamu, nilipitisha kamba za migomba kwa meno. Shaushi alitupa matita ya nyasi kutoka chini, na mpishi alifunga asichokijua. Aliko na wenzake wanane waliketi uani mikono mapajani, kwa kuogopa viboko, wakala ndizi za kuchoma za Angetile. Kila tulipokosea walisema "Lo!" kwa heshima.

Bwana Kipimo alianza kuezeka kutoka kileleni, maana ndivyo alivyozoea kutoa amri. Mvua nayo hutoka juu, na paa lililoanzwa juu huipokea yote. Saa tisa Aliko akamwambia kwa upole kwamba nyasi huanzwa chini, ukingoni, na ikabidi zifumuliwe zote. Bwana alifumua, akaanza upya, na jioni, jasho likimtoka mpaka ndani ya buti, paa likatimia. Na lilikuwa paa zuri, sitaki kusema uongo.

Hapo akaja shemeji yangu Ambilikile na fimbo yake, kuona kama mtoto wake atakaa pakavu. Magharibi mwezi ulikuwa haujaonekana bado. Bwana Kipimo, akiwa angali kileleni, alifuta uso.

"Kazi imekwisha!" akaita. "Sasa nashuka."

Nilitafsiri kwa Kinyakyusa. Ambilikile alimtazama, akalitazama paa, akamtazama Aliko, ambaye alikuwa ameketi na uso wa unyenyekevu mtupu.

"Mkwe wangu," akamwuliza, na ni mara ya kwanza alimwita hivyo, "kule bomani walikuwa wanakujibu vipi?"

Aliko akasimama, akavua kofia kama mbele ya baba yake. "Walisema ruhusa hutolewa ukaguzi ukikamilika, tata."

"Maneno mazuri," akasema mzee.

Kisha akaiokota futi ya Bwana pale chini, akaegemeza fimbo yake mlangoni, akaitoa ngazi ukutani ili apate kupita vizuri, akaanza kulikagua paa, ukingo kwa ukingo, bila haraka.