Shaba Yangu, Alumini Yake na Kidole cha Mguu

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni Hamdija, mfua shaba wa hapa Sarajevo, mwaka wa arobaini na moja huu nikigonga nyundo. Kwa heshima, na kwa hasira, naomba gazeti lako litangaze kwamba ndoa ya binti yangu Mersiha na Nedžad, muuza midila ya alumini ya kuchemshia kahawa, imezuiwa kwa sababu za metali. Binti ninaye huyo mmoja tu, na nyumba bila yeye siiwezi.

1. Joto. Shaba hupitisha moto upesi kuliko alumini, hilo halina ubishi. Nedžad alipokuja kuposa nilimpa kahawa ya karibu, kisha ya mazungumzo, kisha ile ya tatu, ya kwaheri, ambayo kila mwenye adabu akiiona huvaa viatu. Hakuvaa! Mdila wangu mnene ulishika joto, naye akakaa akingoja kahawa ipoe. "Baba, shaba yako kiboko," akasema. Baba! Nani kamzaa?

2. Ugumu. Niliubonyeza mdila wake kwa kidole gumba, ukabonyea. Muuza vyombo vya kubonyea ataweza kutunza mke? Yeye akacheka, akausukuma kwa ndani, ukarudi. Sikufurahishwa.

3. Uzito. Kwa ukubwa uleule, shaba ni nzito mara tatu na ushei. Nikampa mdila wangu mkubwa ashike aone. Ukamponyoka, ukamvunja kidole cha mguu. Mdila haukupata hata mkwaruzo, alhamdulillahi. Ila leo siku ya tisa mgonjwa amelala sebuleni kwangu, anakula burek, mkate wetu wa nyama, na mke wangu Zumra anamwekea mto. "Umemvunja mwenyewe, muuguze mwenyewe," ananiambia.

Kwa hiyo, pamoja na ndoa, naomba alumini yenyewe ipigwe marufuku mjini kote, hata madirisha.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mama yako mzazi.

Wako mwenye uchungu,
Hamdija

N.B. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha. Asubuhi hii kifundo cha mkono wangu kimegoma, nyundo imekimaliza. Mdila wa shaba sikuweza kuuinua. Nedžad akajikokota jikoni kwa mguu mmoja, akanichemshia kahawa kwa ule wake wa alumini, akaniwekea mkononi. Nikauinua. Nikammiminia na yeye, nikamwambia hii ni kahawa ya karibu. Harusi ni Jumamosi, usikose. Zawadi yoyote tutapokea, ila isiwe nzito.