Gitaa la Kwaya na Cherehani ya Mama Ngonyani

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya parokia nzima, tena nikiwa nimevaa suti. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wanakwaya wenzangu, maana wale wataongeza chumvi.

Kwaya yetu ilinunua gitaa la umeme, la mtumba, kutoka kwa bendi moja ya hapa Songea iliyovunjika. Gitaa zuri, mbao nzito, ila limechoka. Funguo za kukazia nyuzi zinateleza, sauti inakatika ukigusa waya. Nikajitolea kulikarabati. (Hakuna aliyeniomba. Naomba hilo mlizingatie.) Nikaagiza vifaa Dar, vikaja na basi Alhamisi: funguo mpya, vitufe vya sauti, tundu jipya la kuchomekea waya, na kinasa sauti kipya kinang'aa. Kinasa ni ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inakaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Kikifa hicho, unabaki na ubao.

Na leo haikuwa siku ya ubao. Saa tisa alasiri ilikuwa Misa ya jubilei ya Paroko wetu, miaka ishirini na mitano ya upadre, ndugu zake wamejaa kutoka Madaba, na wimbo wa kuingia unaanza na gitaa peke yake. Mwalimu Komba, anayetufundisha kwaya, alishanionya: likigoma, tunarudi kwenye kinanda, na mimi narudi kwenye benchi la waimbaji. Mimi kuimba siwezi. Ndiyo maana nilipewa gitaa.

Saa tatu asubuhi tukakutana ukumbini kwa mazoezi ya mwisho. Nikasimama mbele na hotuba kabisa. Nikatoa mfukoni kinasa cha zamani, kimefungwa utepe mweusi wa umeme, nta imekigandia kila mahali, nikakinyanyua juu. Nikasema aliyekitengeneza bila shaka alikuwa fundi wa majiko ya mkaa. Watu wakacheka. Nikanogewa, nikaongeza na mengine. Mtu mmoja tu hakucheka, Mama Ngonyani, anayetushonea sare na kuimba sauti ya pili. Alikuwa anakitazama kile kinasa mkononi mwangu.

Nikachomeka waya, nikapiga nyuzi. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaipiga spika makofi mgongoni (huo ndio utaalamu wangu wa juu kabisa). Kimya. Nikafungua gitaa jasho likinitoka, ndipo nikaona: skrubu niliyofungia kinasa kipya ilikuwa ndefu mno, imezama katikati ya waya na kuukata. Nikasema haina shida, narudisha cha zamani. Kukiangalia, kumbe jana nilikichomoa kwa koleo, nikaung'oa waya wake kwenye shina. Vyote viwili nimeviua mimi.

Mwalimu Komba hakunifokea. Alimwambia tu mpiga kinanda ajiandae. Afadhali angenifokea.

Mama Ngonyani akaja, akanyoosha mkono akitaka kile cha zamani. Nikamwambia, kwa heshima zote za kijinga nilizokuwa nazo, "Mama, haya ni mambo ya umeme, siyo ya cherehani." Wengine wakacheka tena. Yeye akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Umekata mwanzo au mwisho?"

Sikujua kama waya una mwanzo.

"Umekata mwanzo, ule uliozama ndani kabisa," akajijibu. "Basi tunazungusha upya wote. Beba gitaa, twende."

Tukapanda bajaji hadi kwake Bombambili. Barazani ipo cherehani yake ya miguu. Akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani mna rili ndogo ya waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele. Akauvua waya wote wa zamani, akabaki na sumaku tupu, akaibana pembeni ya gurudumu, pale panapojazwa uzi kwenye bobini. Akaniomba nimshikie waya. Nikaushika sekunde tatu, ukakatika. Akaniambia nikae kwenye kigoda, nisiguse kitu.

Halafu akaanza kukanyaga.

Jamani, sijui niwaelezeje. Ule waya ukiuvuta kidogo tu umekatika, ukiulegeza umejikunja. Ulikuwa unapita katikati ya vidole vyake viwili, safu juu ya safu, mizunguko maelfu, huku anaimba polepole sauti ya pili ya wimbo wetu wa kuingia. Nikadhani anafanya mazoezi. Kumbe ndiyo hesabu yake! Namba humchanganya, akasema, lakini beti anazijua, na anajua kila ubeti miguu yake inazungusha kiasi gani. Nimetazama video za watu wenye mashine na kompyuta wakifanya kazi hiyo, na sijapata kuona kitu kama kile.

Nikamuuliza, sauti imeshashuka, alijifunzia wapi. Akasema marehemu mume wake alikuwa fundi redio, na bendi zilimletea magitaa, lakini subira ya kuzungusha waya hakuwa nayo. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe.

"Hiki ulichokuwa unatuonyesha asubuhi nilikizungusha mimi," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa na mimba ya Anna. Na waya huu ndio uliobaki."

Nilitamani kigoda kinimeze. Nikaomba msamaha. Akasema nishike pasi ya kulehemu, muda unakwenda.

Saa tisa nikapiga wimbo wa kuingia. Ile sauti! Nene, tamu, imejaa kanisa hadi mlangoni. Nilikuwa napiga huku machozi yananilengalenga, na sioni haya kulisema. Mwalimu Komba alisahau kuongoza ubeti mzima.

Kabla ya baraka ya mwisho, Paroko akashukuru wote, halafu akasema, "Na aliyelitengeneza gitaa lile asimame tumwone."

Miguu yangu ikasimama. Naapa sikuituma! Mkono ukafunga kifungo cha koti, ule mwingine ukawapungia wageni wa Madaba, na makofi yakaanza. Mama Ngonyani alikuwa ameketi, anatazama kitabu cha nyimbo.

Mwalimu Komba akavuta maikrofoni. "Siyo huyo, Baba," akasema. "Huyo ndiye aliyeliharibu."

Kanisa zima likaangua kicheko, Paroko akashikilia altare. Akina mama wa sauti ya pili wakamwinua mwenzao, vigelegele vikapigwa mpaka nje, na mimi nikabaki nimesimama kwa sababu nilishasahau namna ya kukaa. Nikapiga makofi kuliko wote.

Baada ya Misa nikamfuata, nikamwamkia upya, nikamwomba anifundishe kuzungusha waya. Amekubali. Ila ametaka kwanza nijifunze kutunga uzi kwenye sindano.

Nimejaribu jioni hii mara kumi na moja. Msicheke, tundu lenyewe ni dogo.