Haradali Upande wa Shemeji

Jumamosi, 8 Februari
Mama mkwe katangaza. Magoti yamemshinda, tuta lake la mboga pale bombani haliwezi tena. Atampa mkwe mmoja kati ya wawili: mimi, au shemeji, aliyemwoa dada wa mke wangu. Kila mmoja wetu ana tuta lake dogo nyuma ya nyumba ya mama, na matuta hayo yanapakana. Mwisho wa Machi atakuja kukagua kabichi zetu. Tuta la bombani! Udongo mweusi, maji karibu. Lakini si udongo tu. Shemeji, fundi cherehani, mama humwita "mwanangu". Mimi huniita "fundi saa". Miaka yote hii! Utadhani nimepita kuulizia anwani. Nimeshindwa kukaa. Nimeizunguka meza mpaka mke wangu akaniomba nikazunguke nje.

Jumanne, 11 Februari
Bahati! Bwana shamba kaleta saa yake kibandani. Nimemhoji huku nikifungua mfuniko. Kasema iko mimea inayolindana. Kitunguu saumu katikati ya kabichi, harufu yake huwachanganya wadudu. Haradali nayo huwavuta vidukari, vile vijidudu vya kijivu, wakaisahau kabichi. Nikamuuliza kama kweli inasaidia. Kasema pengine sana, pengine kidogo, inategemea, kisha akaanza "lakini". Saa ilikuwa tayari. Nikamkabidhi, nikamsindikiza, nikafunga kibanda. Mpango: vitunguu saumu upande wangu, haradali upande wa shemeji. Wadudu wangu wote wahamie kwake! Nimecheka peke yangu barabarani. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu.
Jioni: vitunguu vimepandwa.

Alhamisi, 13 Februari
Nimempelekea shemeji mbegu za haradali. Zawadi, nikamwambia. Maua yake yatapendezesha mpaka wetu. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Haya ikapita. Kazipanda papo hapo, mstari umenyooka kuliko pindo la suruali. Vitunguu vyangu havionekani. Nimechimbua kimoja kuona kama kimeanza kazi. Nikakirudisha. Nikachimbua cha pili, nilinganishe. Mke wangu kasema hata yeye angefukuliwa hivyo asingeota.

Jumapili, 16 Machi
Inafanya kazi! Haradali imejaa vidukari, mashina hayaonekani. Kabichi zangu safi. Ila za shemeji pia safi! Safi kuliko zangu! Haiwezekani. Nimejificha nyuma ya tangi la maji asubuhi tatu mfululizo kumpeleleza. Kumbe kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yake, hupita na kopo la maji ya sabuni, anafuta jani moja moja kama anamwosha mtoto uso. Akimaliza zake, anavuka mpaka na kufuta zangu. Zangu! Nani kamwomba? Sasa nitajuaje kama ni vitunguu au ni yeye? Kaniharibia utafiti wote.

Jumatano, 26 Machi
Mama mkwe kapita leo na fimbo yake. Haradali imechanua, upande wa shemeji unang'aa njano. Kauliza nani kaleta maua hayo. Shemeji akasema ni mimi. Mama akanigeukia.
"Umefanya vizuri, mwanangu."
Mwanangu! Neno limenikaa masikioni siku nzima. Nimefungua saa ya mteja, nikaifunga, nikaifungua tena, sikumbuki inaumwa nini. Kisha wazo likanichoma. Siku ya ukaguzi maua yatakuwa upande wa nani? Wa shemeji! Nimempamba mpinzani kwa mikono yangu mwenyewe. Nimesubiri aende kumpima bibi harusi gauni, nikaing'oa haradali yote. Sikuitupa. Nimeitandaza chini ya kabichi zangu ili udongo ushike unyevu. Kwangu hakipotei kitu!

Ijumaa, 28 Machi
Nimekwisha. Haradali imenyauka, vidukari wamehama. Hawakuhamia mbali. Kabichi zangu zimegeuka kijivu, majani yamejikunja. Nimempigia bwana shamba. Kasema hiyo ndiyo "lakini" aliyotaka kunieleza: haradali ikishajaa wadudu unaing'oa pamoja nao na kwenda kuizika mbali. Kauliza yangu nimeipeleka wapi. Nikamwambia simsikii vizuri, nikakata simu.
Alasiri shemeji kaja na makopo mawili ya maji ya sabuni. Hakuuliza maua yamekwenda wapi, wala hakuyatazama pale yalipolala chini ya kabichi zangu. Tumefuta majani pamoja mpaka migongo ikauma. Nilitamani aseme neno baya, hata moja tu. Kaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 29 Machi
Ukaguzi. Mama kainama kwa shida, kafunua jani langu la chini, kajifuta vidole kwenye gauni. Kisha akauliza haradali kaing'oa nani.
Mke wangu akanitazama. Mimi nikalitazama tangi.
"Mimi, mama," shemeji akasema. "Ilikuwa inaziba njia."
Mama akamwangalia sana. Akaniangalia mimi zaidi. Tuta la bombani kampa yeye. Mimi kaniambia tu, "Pole, fundi saa."
Sielewi! Mtu kadanganya hadharani, tena mbele ya mama mkwe, na kapewa zawadi! Mimi sikutamka uongo hata mmoja. Sikutamka chochote! Nimemweleza mke wangu hayo njiani. Kaongeza mwendo, akaniacha nyuma nikiongea peke yangu.
Kabla hatujafika nyumbani shemeji akatukimbilia, anahema. Kasema tuta ni kubwa mno kwake, nichukue nusu. Mke wangu kageuka pembeni na kufuta macho. Nikakubali, kwa ajili ya umoja wa familia. Nimechagua nusu ya juu.

Jumatatu, 31 Machi
Siwezi kutulia. Kinyozi wa mtaa wa pili kanifungua macho: habari za vitunguu na maua zimepitwa na wakati. Dawa ni bata! Bata hula vidukari, hula konokono, hula kila kinachotambaa, na mboga hawaigusi kabisa. Nimemuuliza kama amewahi kufuga. Hajawahi, ila shangazi yake alikuwa na jirani aliyefikiria kufuga. Imetosha. Nimeagiza kundi zima, linafika Jumatano. Shemeji hajui, nataka kumshtukiza. Leo nimefunga kibanda mapema, nikachimba bwawa pale juu, karibu na bomba. Mke wangu kauliza shimo la nini. La mbolea, nikamwambia.
Bwawa limetoka zuri. Nimelijaza maji kulijaribu. Likifurika, mteremko wote unaelekea upande wa shemeji.