Ombi la Kukanusha Mbao Ndani ya Wiski

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vinywaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukiwa hujaonja chochote bado, maana nahitaji akili zako zote.

Mimi ni mhazili kwa kazi na mke wa kinyozi kwa ndoa. Mwezi uliopita mwonjaji wenu alisifu wiski moja ya bourbon, ile ya mahindi, iliyochanganywa kutoka mapipa kadhaa kisha ikamaliziwa kulazwa ndani ya mapipa ya mbao yaliyobanikwa motoni. Aliwahimiza wasomaji wafumbe macho, waizungushe mdomoni, na waseme bila aibu kile ambacho ulimi unakikumbuka. Mume wangu alitii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku hizi nyumbani kwetu hatuli, tunaonja. Nikimpa mume wangu chai, anainusa kwanza, anatazama dari, halafu ananiambia ina mwisho mrefu, yaani ladha yake haiondoki upesi mdomoni. Juzi niliunguza maharage, akayasifu kwamba yamebanikwa kwa ustadi. Yale yasiyoungua hajawahi kuyasifu tangu anioe.

2. Jumamosi aliweka chupa mezani, akatoa glasi zangu za wageni, akamwalika jirani yetu daktari wa meno pamoja na kaka yangu, fundi kufuli. Daktari alisema anapata vanila. Mume wangu alipata sukari iliyoungua na, baada ya kuchungulia makala yenu, tumbaku. Kaka yangu alipoulizwa alijibu, "Mimi napata pombe." Akaombwa akakae jikoni. Tangu hapo hanisalimii, mimi ambaye sikugusa hata tone.

3. Nakuja kwa mama mkwe wangu. Alipita kurudisha sufuria, na kwa kuwa kumnyima mzazi ni aibu, akapewa kidogo. Yeye alidhani ni dawa ya kifua. Alifumba macho kwa kitambo hadi daktari wa meno akamshika mkono kutafuta mapigo. Kisha akasema taratibu, "Napata mbao. Mbao iliyopitiwa na moto, na mikono ya seremala niliyempenda kabla sijamjua baba yenu." Daktari, badala ya kunyamaza kama mtu aliyesoma, akamwuliza kama kuna kingine nyuma ya ulimi. Mama akasema kipo, akanyoosha glasi aongezewe, akanywa, akaaga, na sufuria yangu akaondoka nayo.

4. Mume wangu halali. Mtaani kwetu yupo seremala mmoja, mzee wa watu, mteja wake wa kunyoa. Wiki hii alimnyoa huku akikagua masikio zaidi kuliko nywele, na aliporudi nyumbani alisimama mbele ya kioo akiyavuta ya kwake. Picha ya marehemu baba yake ameigeuza ukutani, akairudisha, akaigeuza tena. Mama mwenyewe haulizwi. Mwana hawezi kumwuliza mamaye jambo la namna hiyo, na mkwe ndiyo kabisa.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, naomba kwa unyenyekevu mchape kanusho kwamba mapipa yale ni ya bati. Nifuate hapo. Pipa likiwa la bati, mbao haimo. Mbao isipokuwemo, mama alionja kisichokuwepo, kwa hiyo hata seremala hakuwepo, na mume wangu anarudi kuwa mwana wa baba yake, na masikio yake yanarudi kwenye ukoo. Kama bati litawakwaza watengenezaji, plastiki inatosha. Mkishindwa na hilo, basi mwonjaji wenu aje mwenyewe akae sebuleni kwetu awe baba wa mume wangu, maana yeye ndiye aliyeyazaa haya yote.

Nisalimie wasahihishaji, wachapaji na anayewapikia chai. Mwonjaji naye msalimie, ila usichangamke.

Wako katika majonzi na adabu,
Mke wa Kinyozi

Tanbihi: Mama mkwe ameingia nikiwa natafuta bahasha, akaisoma barua hii kabla sijaificha. Amecheka hadi akakaa sakafuni. Seremala aliyemtaja alikuwa baba yake yeye mwenyewe, babu wa mume wangu. Sisi tulimjua uzeeni akiwa mlinzi wa ghala. Hatukujua kwamba ujanani alipinda mbao kwa moto akitengeneza viti, na kwamba akimbeba binti yake alinukia vivyo hivyo. Nilipomwuliza mbona hakusema, alinijibu, "Mliniuliza nimeonja nini. Nani aliuliza zaidi?" Basi kanusho msichape. Mbao imo, tena mwonjaji wenu aliieleza vizuri. Tatizo ni kwamba asubuhi mume wangu alikwenda kwa seremala wa mtaani akamweleza yote huku analia. Mzee yule hana mtoto. Alifikiri kidogo, akakubali kwamba ndiye baba. Jumapili anakuja na dada zake ili atutambulishe kwao, na mama amesema tumwache hivyo hivyo: mtu akishapewa mwana hanyang'anywi, hasa akiwa amekwisha kupima ukuta wetu ili atutengenezee kabati.